Mlango mmoja wa misaada: mashirika ya hiari na wakimbizi wa Tibet

Tarehe 31 Machi 1959 Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, alivuka mpaka na kuingia India, na maelfu ya Watibeti wakafuata nyuma yake kupitia njia za milimani. Serikali ya India ilifungua kambi za mapokezi Missamari, katika jimbo la Assam, na Buxa Duar, Bengal Magharibi, ambako walipelekwa hasa watawa.

Missamari iko bondeni, kwenye joto na unyevunyevu. Waliofika hapo walitoka kwenye nyanda za baridi, Lhasa pekee ikiwa juu ya mita 3,600. Walivaa sufu na manyoya, na chakula chao kilikuwa tsampa, yaani unga wa shayiri iliyokaangwa, pamoja na siagi na nyama. Sasa walipakuliwa wali na dengu. Kuhara na kifua kikuu vikawaandama. Mtu anayetuma shehena ya nguo nzito kwa sababu amesikia kwamba Watibeti ni watu wa theluji hajakosa huruma, ila hajamuuliza aliyeko kambini.

Wa kuulizwa alikuwapo. India haikuwa imesaini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, halikufungua ofisi New Delhi hadi 1969. Kwa hiyo misaada ya mashirika ya nje ilielekezwa kwa Kamati Kuu ya Misaada iliyoongozwa na mwanasiasa wa India, Acharya J.B. Kripalani. Utaratibu huo wa mlango mmoja huonekana kama urasimu, lakini ndio unaookoa mali. Shehena isiyo na mpokeaji anayejulikana hukwama bandarini: hakuna wa kuombea msamaha wa ushuru, hakuna wa kulipia lori, na gharama za ghala zinapanda kila siku.

Anayeratibu huanza na hesabu ya watu, kwa kaya, umri na jinsia. Tuchukue kambi ya watu 3,000 kwa viwango vinavyotumika leo. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, sawa na lita 45,000. Choo kimoja ni kwa watu 20, hivyo vyoo 150. Nafaka ikiwa gramu 400 kwa mtu, ni kilo 1,200 kwa siku, au tani 36 kwa mwezi, yaani safari tatu za lori la tani 12. Kunde, mafuta na chumvi bado havijaingia. Hesabu hii ikishabandikwa ukutani, kila shirika hutaja kipande chake, na pengo huonekana kabla watu hawajalala njaa.

Bila hesabu hiyo, mashirika mawili yatagawa blanketi katika safu moja ya mabanda huku safu ya pili ikikosa. Maziwa ya unga yatagawiwa mahali pasipo na maji safi, na watoto wataharisha. Kosa linalotuumiza zaidi ni la kifua kikuu. Tiba ya kawaida siku hizi huchukua miezi 6, na miaka ile ilikuwa ndefu zaidi. Shirika lenye fedha za miezi 3 lisianze peke yake, kwa sababu dozi ikikatika, vijidudu huzoea dawa na mgonjwa anaendelea kuambukiza wenzake. Litafute kwanza mwenzake wa kupokea zamu, na makubaliano yaandikwe.

Watibeti wengi walipelekwa kujenga barabara za milimani, wakiwa na watoto wao kwenye kambi za kazi. Mwezi Mei 1960 watoto 51 kutoka kambi za Jammu walifikishwa Dharamsala, mji wa kaskazini mwa India, na Tsering Dolma, dada mkubwa wa Dalai Lama, akafungua makao ya kuwalea. Wafadhili wa nje hupenda kumsaidia mtoto mmoja mwenye jina na picha. Ni jambo jema, mradi fedha ziingie katika mfuko mmoja wa makao, la sivyo mtoto mmoja anapata jozi mbili za viatu na jirani yake anakaa peku.

Makazi ya kudumu yalihitaji mikono mingine. Mwishoni mwa 1960 jimbo la Mysore, ambalo leo ni Karnataka, lilitenga eneo la Bylakuppe: ekari 3,000 hivi kwa watu 3,000, nyingi zikiwa msitu wa kufyekwa. Wataalamu wa Uswisi walisaidia, na kampeni ya Ulaya ya mwaka 1966 ilichanga fedha. Mwaka 1968 likaanzishwa MYRADA, shirika la India lililopewa kazi ya kuwapatia Watibeti makazi, ambalo baadaye liligeukia wanakijiji maskini wa Kihindi. Kwa maoni yetu majirani wangeingizwa kwenye mpango tangu siku ya kwanza. Mkimbizi akichimbiwa kisima huku mwenyeji akitembea kilomita kutafuta maji, ugomvi hauko mbali.

Mashirika yenyewe yaliungana Geneva mwaka 1962 na kuunda Baraza la Kimataifa la Mashirika ya Hiari, ICVA. Thailand ilipopokea wakimbizi wa Indochina (Vietnam, Laos na Kambodia), kamati ya uratibu, CCSDPT, iliundwa 1975. Kwa hiyo mwenye mchango leo aulize kwanza ni kamati gani inayoratibu kambi hiyo, aombe orodha ya mahitaji ya mwezi huu, na kama hana kilichomo kwenye orodha, atume fedha.