Mtoto Hatembei, Mwingine Anaangukaanguka: Maswali ya Wazazi

Mtindio wa ubongo na kudhoofika kwa misuli si ugonjwa mmoja?
Hapana. Kwenye mtindio, kilichoumia ni ubongo: huenda mtoto alikosa hewa akizaliwa, alizaliwa njiti, manjano yalimzidi huku akianikwa juani badala ya kupelekwa hospitali, au aliugua homa ya uti wa mgongo. Jeraha hilo haliongezeki. Kwenye kudhoofika kwa misuli, kasoro ya vinasaba huharibu misuli yenyewe, na udhaifu huzidi kadiri mtoto anavyokua.

Nitatofautishaje?
Mtindio huonekana mapema. Miezi 4 shingo haijakaza, mwili umekakamaa au umelegea, ngumi moja haifunguki. Duchenne, aina ya kudhoofika kwa misuli inayowapata hasa wavulana, hujificha. Mtoto hutembea, kisha kati ya miaka 2 na 5 anaangukaanguka, ngazi zinamshinda, na akiinuka sakafuni anajikwea kwa kushika mapaja yake. Vigimbi vinanenepa, na ndugu wanasifu miguu ya mchezaji mpira! Unene huo si nguvu.

Bibi yake anasema tusubiri, hata baba yake alichelewa kutembea.
Shikamoo yake, lakini msisubiri. Miezi 9 hajakaa: hospitali. Miezi 18 hajatembea: hospitali. Alikuwa anapanda ngazi, sasa hawezi: hospitali wiki hii hii.

Tukimfukia mchangani hadi kiunoni miguu ikaze?
Msimfukie. Wala chale, wala kumkanda hadi alie. Wakati nyinyi mnazunguka kwa waganga, viungo vinakakamaa na nyonga zinateguka, halafu mtoto analetwa kwetu hospitalini ana miaka 6 na mnataka atembee mwezi ujao. Msisubiri.

Kuna dawa?
Ya kuponya kabisa, hakuna. Mwenye mtindio anahitaji mazoezi ya viungo tangu uchanga, na dawa za kifafa kama ana degege. Duchenne huanza kuchunguzwa kwa kipimo cha damu. Dawa kama prednisolone hupunguza kasi yake, na moyo na mapafu lazima vifuatiliwe. Huyu msimlazimishe kukimbia eti apate nguvu, mnamchana misuli.

Mwanangu amekutwa na Duchenne. Mdogo wake wa kiume anatembea vizuri.
Mlete naye.