Kuchota rangi kwenye skrini: yanayosemwa na yalivyo

Kuchota rangi ni kutumia kiprogramu kupata namba ya rangi unayoiona kwenye skrini, ili uitumie kwingine. Kaa steshenari ya Ngamiani, Tanga, wiki moja kabla ya harusi, utasikia kila aina ya elimu kuhusu rangi. Sisi tunaotengeneza kadi na mabango hizi ndizo tunazokutana nazo sana.

"Lazima uwe na programu kubwa ya kulipia." Wapi! Mac inakuja na Digital Color Meter ndani yake. Mwenye Windows apakue PowerToys ya Microsoft, bure, kisha abonyeze Windows, Shift na C kwa pamoja. Atakapopeleka kishale, namba ya rangi inajitokeza. Linux ipo Gpick.

"Zile namba ni za mafundi." #FF6600 ni jozi tatu tu: nyekundu, kijani, bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255, ila zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, ambayo baada ya 9 hutumia herufi A hadi F. FF ni 255, 66 ni 102, 00 hakuna kitu. Hapo umepata rangi ya chungwa. (Mteja wa huku akisema chungwa, muulize lipi, la Muheza linaiva ganda likiwa bado kijani.)

"Ukichota kwenye picha, umepata rangi yenyewe." Hii imenitia hasara. Dada mmoja alinitumia kwa WhatsApp picha ya kanga, anataka kadi ifanane na pindo. Nikabofya mara moja, nikachapa. Kadi zikatoka rangi ya damu ya mzee, na pindo lake lilikuwa jekundu la kung'aa. Nilikuwa nimebofya kwenye kivuli cha mkunjo.

Kiprogramu husoma nukta (vidoa vidogo vinavyounda picha) zilizo chini ya kishale, basi. Hakijui taa ya sebuleni kwao ilikuwa ya njano. Tena picha ya JPEG hubanwa kwa vipande vya nukta 8 kwa 8, kwa hiyo hata eneo linaloonekana rangi moja lina namba zinazopishana kidogo. Pembeni mwa herufi ndiyo usiguse kabisa: pale rangi ya herufi imechanganywa na ya nyuma yake. Kuza picha, chota katikati ya eneo pana, mara tatu nne, ulinganishe. Na kama kanga ipo, iletwe.

"Ukiwasha mwanga wa usiku (Night light, unaoifanya skrini iwe ya njano) utachota rangi ya uongo." Kwenye Windows namba inabaki ileile, kinachodanganyika ni jicho lako. Ila kuchagua rangi kwa macho saa hizo, acha.

"Namba moja, bango litatoka vilevile." Skrini inatoa mwanga, printa inamwaga wino, kwa kawaida wa aina nne: samawati, majenta, njano na mweusi. Kijani kile kinachowaka kwenye kioo hakimo ndani ya wino huo, hata uandike namba kwa usahihi gani. Siku hizi nachapa kwanza kipande cha ukubwa wa kiganja, tunatoka nacho mlangoni juani, mteja akiridhika anatia sahihi nyuma yake.