Hitilafu inayojulikana miaka yote, mbona hairekebishwi?

Ukikuta ripoti inayoeleza tatizo lako hasahasa, kisha ukaona ilifunguliwa miaka mingi iliyopita na hadi leo haijafungwa, una haki ya kukasirika. Natumia lugha ya programu ya Rust kila siku kazini, na swali hili naulizwa kuliko maswali yote ya sintaksia: hawa watu wanajua, mbona hawarekebishi?

Tazama ubadilishaji wa namba za desimali kuwa namba kamili. Aina ya `u8` hubeba 0 hadi 255 tu, kwa hiyo ukiandika `300.0 as u8`, thamani haiingii. Kompaila ya Rust, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, ilikuwa ikiikabidhi kazi hiyo LLVM, mradi tofauti unaotengeneza maagizo hayo ya mwisho, na LLVM haiahidi lolote kwa namba isiyoingia. Jibu lingeweza kuwa chochote, na makosa ya memori yangeweza kupenya hata kwenye msimbo usio na `unsafe` popote (neno linaloruhusu msimbo ambao kompaila haiwezi kuthibitisha usalama wake). Kwa lugha iliyojijengea jina kwa usalama wa memori, hilo si dogo. Ripoti ilifunguliwa 2013. Marekebisho yalifika Julai 2020, kwenye toleo la 1.45: siku hizi 300.0 inakuwa 255, namba hasi inakuwa 0, na NaN (alama ya jibu lisilo namba) nayo inakuwa 0.

Kanuni yenyewe unaimaliza kwa sentensi moja. Kilichochelewesha ni gharama yake, kwa sababu kila ubadilishaji sasa unahitaji ukaguzi, na anayechakata picha au sauti hufanya mamilioni ya ubadilishaji huo. Ilibidi ipimwe kasi inayopotea, na wanaoihitaji wapewe njia ya kukwepa ukaguzi kwa hiari yao. Njia hiyo, `to_int_unchecked`, iliingia kwenye toleo la 1.44, yaani toleo moja tu kabla.

Hitilafu nyingine chanzo chake hakiko hata ndani ya mradi wa Rust. `loop {}` tupu, yaani kitanzi kinachojirudia bila mwisho, iliweza kufutwa na LLVM, kwa kuwa LLVM ilirithi dhana ya C++ kwamba kitanzi kisichofanya kitu lazima kiishe. Rust ilisubiri LLVM 12 ndipo ikapona, mwaka 2021.

Halafu iko ripoti namba 25860, ya 2015, inayohusu muda wa uhai wa marejeo, yaani muda ambao kielekezi cha data kinaruhusiwa kutumika. Mwaka 2024 bado ilikuwa wazi, na mwaka huohuo ilitoka kreti (kifurushi cha msimbo wa Rust) ya cve-rs, inayoitumia kusababisha makosa ya memori kwa msimbo ambao kompaila inauona salama kabisa. Kiraka hakitoshi hapo. Tiba inategemea kuandikwa upya kwa sehemu ya kompaila inayotatua masharti ya traiti (orodha ya uwezo ambao aina ya data inatakiwa kuwa nao), na wanaoimudu sehemu hiyo ni wachache mno.

Kwa hiyo kuchelewa nakuelewa. Nisichokikubali, katika mradi wowote wa programu huria, ni roboti inayofunga ripoti kwa sababu tu imekaa kimya muda mrefu. Hitilafu haiishi kwa kunyamaziwa. Wala sikubali mtumiaji kuambiwa "leta marekebisho mwenyewe" wakati kazi inataka ujuzi wa miaka ndani ya kompaila. Mtunzaji aandike japo mstari mmoja: tumekwama hapa, tunasubiri hiki. Mstari huo humwezesha mtu kupanga kazi yake.

Nasi watumiaji, "mimi pia" haimsaidii yeyote. Kinachosaidia ni mfano mfupi unaoonyesha kosa, pamoja na toleo ulilotumia.

Kwenye msimbo wangu, kila ninapolazimika kuzunguka hitilafu ya namna hii, naweka namba ya ripoti kwenye maoni, kisha naandika jaribio linalothibitisha kuwa hitilafu bado ipo. Siku ikirekebishwa, jaribio linafeli, nami najua kwamba mzunguko ule sasa unaweza kuondolewa.