Jukwaa la kurushia roketi: chini yake kuna nini?

Video ya roketi ikiingia kwenye magrupu ya WhatsApp huku Arusha, macho yote hufuata kile kinachopanda. Pale kilipokuwa kimesimama hapatazamwi tena, na kwa maoni yangu ndipo penye uhondo. Jukwaa la kurushia roketi si sakafu ya zege ya kuegeshea chombo. Ni mtambo, na shughuli yake kubwa ni kuikinga roketi na moto wake yenyewe, na zaidi ya moto, kelele zake.

Tuchukue jukwaa 39A la Kituo cha Anga cha Kennedy, Florida, lilikoondokea Apollo 11, safari iliyofikisha watu wa kwanza mwezini, Julai 16, 1969. Anayebahatika kufikishwa hapo kwa ziara hukuta handaki kubwa limekata katikati ya jukwaa: kina cha mita 13 hivi, upana karibu mita 18, urefu kama mita 137. Moto wa injini hushukia humo, ukapinda na kutokezea pembeni badala ya kurudi juu. Kuta zake zilijengwa kwa matofali ya kuhimili joto, nayo yana mwisho wake. Mei 31, 2008, chombo cha Discovery, kimojawapo cha vyombo vya Space Shuttle vya Marekani, kilipoondoka, maelfu ya matofali yalibanduka ukutani yakarushwa nje. Yalikuwa yamekaa hapo tangu enzi za Apollo.

Sasa kelele. Mngurumo wa injini ni mawimbi ya shinikizo, na yakigonga zege hurudi juu kuipiga roketi na mzigo uliomo ndani. Columbia, Space Shuttle nyingine, iliporuka mara ya kwanza, Aprili 12, 1981, wimbi la namna hiyo lilikuwa kali kuliko mahesabu ya wahandisi. Vigae 16 vya kukinga joto vilipotea na 148 viliharibika. Dawa yake ilikuwa maji, tena mengi: kando ya jukwaa ulisimama mnara wa mita 88 wenye tangi la lita zipatazo milioni 1.1, na muda mfupi kabla ya injini kuwaka lilianza kufunguliwa, likawa tupu ndani ya sekunde 41. Pampu haikuwepo. Maji yalishuka kwa mserereko, jambo ambalo mtu wa Marangu au Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hahitaji kuchorewa. Kwa hiyo lile wingu jeupe linalofunika jukwaa kwenye video, sehemu yake kubwa ni mvuke.

Ukibisha kwamba yote hayo ni lazima, yako ya Texas. Aprili 20, 2023, kampuni ya SpaceX ilirusha Starship kwa mara ya kwanza ikiwa na roketi yake kubwa ya injini 33, kutoka jukwaa lisilo na handaki wala maji ya kumwagia. Zege lilichimbika likabaki shimo, mabonge yakaruka huku na kule, vumbi likaenda kuanguka kwenye mji wa jirani. Kabla ya jaribio la pili waliweka bamba nene la chuma linalorusha maji kwenda juu.

Kazi nyingine ya jukwaa ni kushika. Space Shuttle ilifungwa kwa boliti nane kubwa, ambazo nati zake zilipasuliwa kwa baruti pale tu kompyuta iliporidhika. Injini kuu ziliwashwa sekunde chache kabla, zikakaguliwa. Juni 26, 1984, Discovery iliwasha injini, kompyuta ikaona kasoro, ikazima, na chombo kikabaki palepale. Bila hicho kishikio, hakuna nafasi ya kughairi.

Yaliyobaki ni mabomba na minara. Haidrojeni ya kimiminika huwa kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, oksijeni 183 chini ya sifuri, na zote huingizwa kupitia mikono ya chuma inayojitenga roketi ikiondoka. Minara mirefu ya pembeni ni ya kukinga radi.

Hapo ndipo huja swali la vijiweni: mbona wasirushie kwetu? Tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na mzunguko wa dunia unatubeba kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,660 kwa saa, wakati Florida ni kama 1,470. Kasi hiyo roketi hupewa bure. Kuhusu mwinuko wa mita 1,400 msijivunie sana. Kinachotakiwa ni mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa, na kuanzia juu kidogo hakupunguzi kitu cha maana.

Tatizo ni kwamba roketi huangusha vipande vyake njiani, na mashariki ya Arusha ni Moshi. Ndiyo maana Waitaliano walioitaka faida hii ya ikweta walikwenda Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, wakasimamisha jukwaa la San Marco juu ya miguu ya chuma baharini. Roketi walizorusha, Scout za Kimarekani, zilikuwa ndogo, lakini Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, moja ilipeleka setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru. Vipande viliangukia Bahari ya Hindi.