Je, wajua kwa nini timu za besiboli Marekani hucheza mwezi mzima mechi zisizo na pointi?

Kila mwaka ikifika katikati ya Februari, kurasa za michezo za Marekani hubeba habari moja ambayo ukiisoma haraka haina kitu ndani: warushaji na wadakaji wameripoti kambini. Hakuna mechi iliyochezwa, hakuna aliyeuzwa, hakuna kocha aliyetimuliwa. Kuna wanaume wamevaa kaptura wanarushiana mpira kwenye jua la Florida, wakati Boston na Chicago theluji bado imelala barabarani. Lakini shabiki wa besiboli anayefungua simu asubuhi kusoma habari za dunia, vita huku, uchaguzi kule, hiyo ndiyo anayoitafuta kwanza.

Kinachofuata ni kigeni zaidi. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu mwisho wa Machi, timu zote 30 za ligi kuu hucheza mechi 30 hivi kila moja, na hata moja haiingii kwenye msimamo. Mshindi habebi chochote. Kwetu, Simba ikienda kuweka kambi Uturuki au Misri hucheza mechi chache za kirafiki, inarudi, Ngao ya Jamii inapigwa, ligi inaanza. Sasa hawa, ambao msimu wenyewe una mechi 162 kwa kila timu, wanatafuta nini kwenye mechi nyingine 30 za bure?

Baridi ni sehemu ya jibu, ingawa ni sehemu ndogo. Mwaka 1886 Chicago White Stockings walikwenda Hot Springs, Arkansas, mji wa chemchemi za maji moto, na sababu haikuwa hali ya hewa pekee. Wachezaji wa enzi hizo walikula na kunywa kipupwe kizima, na wakubwa wao walitaka watoke jasho, pombe na minofu ya ziada vikatoka pamoja. Baada ya hapo timu zikaanza kuhamia Florida moja baada ya nyingine, na miji midogo ya huko ikagundua kwamba timu moja ya besiboli huja na waandishi, mashabiki na pesa za hoteli. Leo timu 15 huweka kambi Florida, kwenye kinachoitwa Ligi ya Balungi, na 15 Arizona, kwenye Ligi ya Kaktasi.

Jina hilo la balungi lina kisa chake. Machi 1915, Wilbert Robinson, kocha wa timu ya Brooklyn, New York, alitaka kudaka mpira uliodondoshwa kutoka kwenye ndege pale Daytona Beach. Rubani alikuwa Ruth Law, mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha ndege Marekani. Kilichodondoka hakikuwa mpira, lilikuwa balungi. Likampasukia Robinson, akalowa maji ya moto ya tunda lililoiva, na inasemekana alipiga kelele akidhani ni damu yake.

Turudi kwenye swali. Kama shida ingekuwa baridi tu, wiki mbili za jua zingetosha. Wapigaji wenyewe husema hivyo: wape wiki mbili tatu, macho yazoee mpira unaokuja kasi, basi wako tayari. Anayeilazimisha ligi nzima ikae kambini wiki sita ni mrushaji.

Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na kurusha mpira ambao siku hizi mara nyingi hupita kilomita 150 kwa saa. Bega na kiwiko havikuumbwa kwa kazi hiyo. Msimu ukianza, yule anayefungua mechi anatakiwa arushe mipira 90 au zaidi, kisha apumzike siku nne au tano, arudie, hivyo hivyo hadi Septemba. Hawezi kutoka kwenye kochi la nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye mipira 90. Kwa hiyo siku yake ya kwanza kambini anarusha ngwe moja au mbili kati ya tisa za mechi, anatoka, anawekewa barafu begani. Zamu inayofuata anaongezewa ngwe moja, yaani mipira 15 hivi. Piga hesabu: zamu sita, kila moja ikichukua siku tano pamoja na mapumziko yake, ni siku 30. Mwezi mzima umekwisha na hapo hujahesabu siku za mwanzo za kurusha bila mpigaji. Ndiyo maana warushaji hufika kambini siku kadhaa kabla ya wengine. Wadakaji huitwa pamoja nao kwa sababu lazima mtu adake hiyo mipira yote.

Ushahidi mzuri ulipatikana mwaka 2022. Wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji milango kwa siku 99 wakigombania mkataba, na walipoelewana ilikuwa Machi 10. Kambi ikabanwa hadi wiki tatu na ushee. Ligi ilifanya nini? Kwa mwezi wa kwanza wa msimu iliruhusu kila timu kuwa na wachezaji 28 badala ya 26, ili warushaji ambao mikono haijaiva wasaidiane.

Anayedhani huu ni udekaji amtafute Tommy John. Mwaka 1974, akiwa mrushaji wa Los Angeles Dodgers, ligamenti ya kiwiko chake ilikatika, na wakati huo hiyo ilikuwa ndiyo mwisho wa kazi. Daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wake wa pili akaishona kwenye kiwiko kilichoharibika. John alirudi uwanjani 1976 na kuendelea hadi 1989. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake, na warushaji wanaofanyiwa hukaa nje mwaka mzima au zaidi.

Ukishajua hilo, habari za wiki kutoka kambini zinaanza kusomeka. Ziko za aina tatu. Ya kwanza ni kwamba fulani amefika akiwa na mwili mzuri kuliko wakati wowote maishani mwake. Hii husemwa kila Februari kuhusu wachezaji kadhaa, na mashabiki wameigeuza utani, iruke. Ya pili ni kwamba fulani amepiga mipira mitatu nje ya uwanja kwenye mechi moja. Iruke pia, hasa kama ni Arizona, ambako hewa ni kavu na mpira husafiri mbali, na hasa kama aliyekuwa anamrushia ni kijana wa miaka 19 aliyeazimwa kutoka ligi ndogo kwa mchana mmoja. Ya tatu huwa fupi, imefichwa chini ya ukurasa: mrushaji fulani anahisi mkono wa mbele umekaza. Hiyo ndiyo usome hadi nukta ya mwisho, maana mara nyingi mkono wa mbele ukikaza, kiwiko ndicho kinacholalamika.

Mechi zenyewe zina vituko. Nyota hucheza ngwe tatu nne, kisha huoga na kuondoka wakati mechi bado inaendelea. Kufikia ngwe ya saba uwanja umejaa vijana wenye namba 78, 86, 93 mgongoni, ambao hata mtangazaji huwatafuta kwenye karatasi. Sare inaruhusiwa, jambo ambalo kwenye msimu wa kweli halipo. Timu moja inaweza kugawanyika ikacheza mechi mbili siku hiyo hiyo katika miji miwili. Mwaka 2021 kocha aliruhusiwa hata kukatisha ngwe katikati, mradi mrushaji wake amefikisha mipira 20.

Na pesa? Mishahara ya ligi kuu hulipwa msimu ukiwa unaendelea. Mtu mwenye mkataba wa dola milioni 30 kwa mwaka, Machi anaishi kwa posho ya kambini kama wenzake. Kwake hilo halina uzito. Waliokuwa wanaumia ni wachezaji wa ligi ndogo, ambao kwa miongo walifanya mazoezi ya kambi bila mshahara. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 ligi ilikubali kulipa dola milioni 185 kuimaliza kesi hiyo. Tangu 2023 wana mkataba wa pamoja unaowalipa hata wakiwa kambini. Ilichukua muda mrefu mno.

Kambi hizi pia zimegongana na habari kubwa za dunia mara nyingi kuliko unavyoweza kutarajia kwa mechi za bure. Kati ya 1943 na 1945, treni zikihitajika kwa vita, timu zilikatazwa kwenda kusini. Chicago Cubs wakafanya mazoezi French Lick, Indiana, na Dodgers, ambao wakati huo walikuwa timu ya Brooklyn, wakaenda Bear Mountain, New York, kwenye baridi yao wenyewe. Machi 12, 2020 kambi zote zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na msimu uliokuja kuanza Julai ulikuwa wa mechi 60 tu.

Kuna mwaka mmoja unaozidi yote hiyo. Machi 1946 Jackie Robinson alifika Florida kujaribiwa na Montreal Royals, timu ndogo ya Brooklyn Dodgers. Ligi kuu haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na Florida ilikuwa na sheria za ubaguzi. Safarini, yeye na mkewe Rachel walishushwa kwenye ndege ili abiria weupe wapate nafasi, wakamalizia kwa basi, kwenye viti vya nyuma. Alipoanza mazoezi Sanford ilibidi aondolewe mjini humo haraka kwa usalama wake. Jacksonville, timu ilifika uwanjani ikakuta geti limefungwa kwa kufuli. Daytona Beach peke yake ndiyo iliyomkubali, na Machi 17 alicheza pale dhidi ya Dodgers, mechi isiyo na pointi, isiyo na kombe. Uwanja huo leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka uliofuata Dodgers walihamishia kambi Havana, Cuba, kukwepa fujo za Florida. Hata huko Robinson na wenzake weusi walilazwa hoteli tofauti. Aprili 15, 1947 aliingia ligi kuu. Ukiniuliza mechi gani ya besiboli isiyohesabiwa imehesabika kuliko zote, nitataja ile ya Daytona.

Mwaka huo huo wa 1947, Arizona ikaanza kushindana na Florida. Cleveland walikwenda Tucson na New York Giants wakaenda Phoenix. Bill Veeck, mmiliki wa Cleveland, alieleza baadaye kwamba ubaguzi wa Florida ulimchangia kuhama. Julai alimsajili Larry Doby, mchezaji mweusi wa kwanza katika American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu; Dodgers wa Robinson walikuwa katika ile nyingine.

Kwa kuwa matokeo hayana maana, kambi imekuwa pia mahali pa kujaribia sheria. Mwaka 2023 ilianza saa ya kuhesabu sekunde: mrushaji asichelewe kurusha, mpigaji awe tayari zikibaki sekunde nane. Februari 25, siku ya kwanza kabisa Atlanta Braves kucheza chini ya sheria hiyo, walikuwa nyumbani North Port dhidi ya Boston. Ngwe ya tisa, 6 kwa 6, besi zote tatu, yaani vituo ambavyo mkimbiaji hupitia kabla ya kufunga, zimejaa wachezaji wa Braves, mpira mmoja tu umebaki kuamua. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Cal Conley, mpigaji wa Atlanta, akaanza kukimbia kwenda besi ya kwanza akiamini mrushaji ndiye aliyechelewa, kwa hiyo yeye amepewa besi bure, mwenzake wa besi ya tatu anasukumwa kufunga, na Braves wameshinda. Kumbe aliyechelewa ni yeye. Akahesabiwa straiki ya tatu, ile inayomtoa mpigaji, akatoka, mechi ikaisha sare, na mashabiki wakazomea. Siku iliyofuata nchi nzima ilijua sheria mpya inafanyaje kazi. Kama mafunzo, huwezi kununua mazuri kuliko hayo.

Kwetu huku mchezo huu bado uko mbali, ingawa Uganda imesogea. Timu ya watoto ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, mwaka 2012. Mrushaji David Matoma, Mganda, amesainiwa na Pittsburgh Pirates, klabu inayoweka kambi Bradenton, Florida, tangu 1969.

Na kama unataka kuonja, Machi ndio mwezi wa kuanzia, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: saa. Mechi za jioni za msimu huangukia kwetu saa 8 usiku, na kesho kuna kazi. Mechi za kambi huchezwa mchana. Nyingi za Florida huanza saa 7 na dakika 5 mchana wao, ambayo Nairobi, Kampala na Dar ni saa 3 na dakika 5 usiku, na baada ya Jumapili ya pili ya Machi, wakishasogeza saa zao mbele, inakuwa saa 2 na dakika 5. Arizona hawasogezi saa, hivyo zao hubaki saa 5 usiku. Tazama ngwe tatu za mwanzo, hesabu mipira ya mrushaji, angalia kama zamu iliyofuata ameongezewa. Matokeo unaweza kulala bila kuyajua.