Godoro halimezi mvumo wa jenereta

Kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, aliniita nimsikilizie studio yake. Kuta zote kazifunika trei za mayai, juu yake magodoro ya inchi sita. Sauti ya kuimba ilitoka safi kabisa. Jenereta ya jirani ilipowashwa, mvumo ukatujaa kifuani.

Jenereta ya silinda nne ikizunguka mara 1,500 kwa dakika hupiga milipuko 50 kwa sekunde. Wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, na ili godoro lilimeze vizuri linahitaji unene wa kama robo yake, mita 1.7! Chumba nacho kina mita tatu na nusu, yaani nusu ya wimbi, kwa hiyo mvumo ukiingia unanasa humo na kuvimba. Nilimwambia asimame katikati, ukafifia. Akasogea ukutani, ukarudi.

Hapa dawa ni spika, itumike kumeza sauti badala ya kuitoa. Chukua spika kubwa isiyounganishwa popote, bonyeza koni yake, ile karatasi ya mbele inayotetema, kwa kidole: inacheza kirahisi. Sasa gusanisha nyaya zake mbili, ubonyeze tena. Imekuwa nzito. Koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, ikitembea kwenye sumaku huzalisha umeme, na umeme huo ukipata njia huishika koili isitembee. Nguvu ya sauti inaishia kuwa joto dogo. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi na bado linanifurahisha.

Ila koni ikiwa nzito mno, wimbi linagonga na kurudi. Ikiwa nyepesi mno, inacheza tu bila kumeza. Ndiyo maana kati ya nyaya tunaweka rezista ya kuzungusha, yaani kizuizi cha umeme kinachorekebishika, tukitafuta pale katikati. Kapasita na koili za ziada husogeza masafa, yaani noti, yanayomezwa. Sanduku tupu lenye tundu, linalofanya kazi kama kibuyu ukikipuliza mdomoni, nalo humeza, ila lina noti yake moja tu.

Njia yenye nguvu zaidi huweka maikrofoni mbele ya koni, na amplifaya huisogeza koni kama hewa yenyewe ingesogea, wimbi lisikute ukuta. Wamarekani Olson na May walieleza kifaa cha jamii hiyo mwaka 1953. Huko Lausanne, Uswisi, Hervé Lissek na wenzake wa chuo kikuu cha EPFL wameiendeleza sana kazi hii.

Sisi tumeanza bila amplifaya: spika mbili za inchi 12, kila moja kwenye sanduku lililozibwa, zikiwa kwenye kona ambako mvumo unakandamiza zaidi. Ukuta bado utapitisha sauti. Tunachopunguza ni kule kuvimba. Jirani akiwasha tena, tutaanza kuzungusha rezista.