Nafuu sio kupona: kitenzi kimoja tunachokitumia ovyo mpaka dozi zinaishia njiani

Kwenye dawati letu la lugha hili swali linarudi kila mara, linakuja kwa simu, linakuja kwa wasap, wengine wanafika wenyewe: hivi kupona, kupata nafuu na kupata ahueni si kitu kimoja tu? Hapana, sio kitu kimoja, na nasema kwa msisitizo manake hili sio jambo la watu wa sarufi peke yao, hili linaweza kumrudisha mtu wodini mara ya pili. Kupona ni ugonjwa kuisha. Nafuu ni ugonjwa kupungua makali, yani homa imeshuka, maumivu yametulia, umeanza kula, lakini ugonjwa wenyewe unaweza kuwa bado umo humo ndani kama kaa la moto chini ya jivu.

Na tukisikiliza vizuri tunaona kwamba wasemaji wa Kiswahili hii tofauti wanaijua tangu zamani, hawajafundishwa na mtu. Nenda hospitali jioni, saa ya kuona wagonjwa, watu wameshika chupa za chai na vyombo vya uji, usikilize tu wanavyojibizana kule kwenye korido. Anaendeleaje mama? "Afadhali." "Leo hajambo kidogo, uji kanywa nusu kikombe." "Usiku kalala, tunamshukuru Mungu." "Kaanza kukaa mwenyewe kitandani." Hutamsikia ndugu anayeuguza anasema mama amepona wakati drip bado inaning'inia, hata kama mgonjwa anacheka na wageni, atakwambia kapata nafuu, na kama ni mtu wa Kenya atasema amepata afueni, ambayo ndo ile ile ahueni ya huku Tanzania, na mzee wa pwani anaweza kukwambia leo ni ashekali, manake hali imekuwa nzuri kuliko jana. Hata akitoka hospitali wanasema "karuhusiwa", hawasemi kapona, kwa sababu wanajua kuruhusiwa ni daktari kukubali ukauguzwe nyumbani.

Kwa hiyo maneno tunayo, tena ya kutosha. Shida inaanzia pale mtu anapofika nyumbani, mwili umechangamka, simu zinapigwa, anajibu kila mtu "nimepona", na baada ya kulisema mara kumi na yeye mwenyewe analiamini.

Kabla sijafika kwenye dawa ngoja niseme kidogo kuhusu kitenzi chenyewe, kina mambo mazuri ndani yake. Kupona kwa Kiswahili sio kwa mgonjwa tu. Kupona ni kutoka salama kwenye hatari yoyote. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa na watu 43, wakafa 19, wakapona 24, na wale 24 walisemwa wamepona hata yule ambaye hakupata mchubuko wowote, hakuwa mgonjwa bali alitoka kwenye kifo. Ndo maana tunasema mtu kaponea chupuchupu, kaponea kwenye tundu la sindano, ndo maana ukisikia "hakupona mtu" unajua wote wamekufa na huhitaji kuuliza tena. Mtu anaweza hata kuponea kitu, manake ndo kinachomweka hai, na kutoka hapo tukapata maponea, yani riziki au njia ya kuishi. Sasa ukiweka maana zote hizo pamoja unaona wazee waliounda hii lugha walikuwa wanaona ugonjwa na ajali kama hatari moja, ukipona umevuka, upo upande wa walio hai.

Jirani zetu nao wanalo neno hilo hilo. Waganda wanasema kuwona, Wakikuyu wanasema kuhona, ni ndugu moja na pona yetu. Na lipo lingine la karibu sana, kupoa. Kwa Washona kule Zimbabwe kupora ni chakula kupoa na pia ni mgonjwa kupona, kitenzi kimoja kinafanya kazi zote mbili, na kwenye Kiswahili tuna poa na poza ambazo mpaka leo zinasogea sogea upande wa ugonjwa, tunapoza maumivu, tunapoza homa. Na angalia jina la Mwana Kupona binti Msham, yule mshairi wa kule visiwa vya Lamu aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa kitandani, jina lake linatamkwa sawasawa na hiki kitenzi tunachokizungumzia.

Hiyo maana mbili kwa pamoja, kupona ugonjwa na kupona kifo, imeonekana wazi kabisa kule Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki ya Kongo, sehemu ambazo Kiswahili ndo lugha ya sokoni na ya zahanati. Ebola ilitangazwa kule tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa zaidi ya 3,400, waliokufa 2,287, waliopona 1,171. Mtu wa Beni au Butembo akisema fulani amepona Ebola anasema mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba virusi vimetoka kwenye damu na kwamba hakufa pamoja na wenzake. Na walipewa cheti cha kuonyesha kwamba wamepona, cheti kabisa, kwa sababu huko mtaani neno la mdomo halikutosha, watu walikuwa wanawaogopa. Wengine waliopona wakawekwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, manake wao mwili ulikuwa umeshapata kinga. Lakini angalia na hapa: hao hao waliopona kihalali, vipimo vya damu vinasema hakuna virusi, bado walikuwa wanafuatiliwa, wengine macho yanasumbua, viungo vinauma, na wanaume wanapimwa mbegu za kiume kwa sababu virusi vinaweza kubaki huko kwa miezi. Kwa hiyo kuna kupata nafuu bila kupona, na kuna kupona bila kupata nafuu kamili, vyote vipo, na wengi waliougua Uviko-19 wanajua ninachosema, kipimo kinasema huna tena lakini ngazi tatu tu zinakumaliza pumzi.

Sasa tuje kwenye lile linaloniuma zaidi, dozi.

Kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ya TB ni miezi 6, miezi 2 ya kwanza unameza mchanganyiko wa dawa nne, halafu miezi 4 dawa mbili. Wengi baada ya wiki chache tu kikohozi kinapungua, jasho la usiku linakata, hamu ya kula inarudi, kilo zinaongezeka, na hapo ndo lile neno linapotoka mdomoni, "mimi nimeshapona", na vidonge vinawekwa juu ya kabati. Hajapona huyo, kapata nafuu. Vijidudu vilivyobaki ni vile vigumu zaidi, ukiwaachia nafasi wanarudi na wanaweza kurudi wakiwa sugu, na TB sugu dawa zake ni nyingine na ni kazi nyingine kabisa, kwa mgonjwa na kwa wote anaokaa nao chumba kimoja. Wenyewe wa kliniki za TB wako makini sana na hili neno kuliko sisi: kwenye utaratibu wao kuna mgonjwa "aliyepona" na kuna mgonjwa "aliyemaliza matibabu", wanaandikwa tofauti, aliyepona ni yule ambaye makohozi yake yamepimwa mwishoni na vijidudu havikuonekana, na aliyemaliza matibabu ni yule aliyemeza dawa zote lakini hicho kipimo cha mwisho hakipo. Kama mtu wa kliniki aliyemsimamia mgonjwa miezi 6 bado hasemi kapona mpaka aone kipimo, sisi wa mtaani tunalisema wiki ya tatu kwa ushahidi gani?

Malaria ni hivyo hivyo ila kwa muda mfupi. ALu, yani ile dawa mseto ya malaria, kwa malaria ya kawaida ni dozi 6 ndani ya siku 3, ile ya pili unameza baada ya masaa 8, halafu asubuhi na jioni. Homa inaweza kukata siku ya pili. Mama anaona mtoto kaanza kucheza anasema mtoto kapona, vidonge vilivyobaki vinatunzwa kwa ajili ya mdogo wake akiugua. Mtoto kapata nafuu tu mama, vidonge vile bado ni vyake, mpe vyote.

Na kuna magonjwa ambayo hili neno halitakiwi kuahidiwa kabisa. Kisukari, presha, VVU. Hapa vitenzi sahihi ni vingine: sukari inadhibitiwa, presha inashushwa na kudhibitiwa, virusi vinafubazwa, na "kufubaza" ni chaguo zuri sana la Kiswahili, mtu akisikia dawa za kufubaza virusi anaelewa papo hapo kwamba virusi vipo ila vimenyimwa nguvu, na kwa hiyo ukiacha dawa nguvu zinarudi. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, yani dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, na wapo waliorudi nyumbani wakisema wamepona, wakaacha dawa zao za kila siku. Siandiki haya kumcheka mtu aliyekwenda, aliyekwenda alikuwa anatafuta uzima na uzima hauchekwi. Naandika kwa sababu neno "nimepona" lilitamkwa kabla ya kipimo na kuna watu halikuwaacha salama.

Hapa niongeze kitu kuhusu mabango na matangazo ya mitandaoni, manake tunaulizwa sana "inatibika" maana yake nini. Kutibu ni kazi ya kutoa tiba. Kuponya ni kuuondoa ugonjwa. Watu wanasema daktari hutibu, Mungu huponya, na hata ukiliangalia kwa jicho la lugha tu msemo uko sawa, vile ni vitenzi viwili na kimoja hakilazimishi kingine. Ugonjwa unaotibika ni ugonjwa wenye tiba, sukari inatibika, tiba ipo na inafanya kazi, lakini haina maana kwamba mtu atapona na kutupa dawa. TB inatibika na mtu anapona. Kwa hiyo ukiona tangazo limeandikwa "tunatibu sukari" halafu chini yake "umepona ndani ya siku chache", hilo la chini ndo la kukushtua.

Waandishi wa habari na watu wanaoandika taarifa za vyama vya wafanyakazi na za familia, tafadhali mkae macho na nyakati za hiki kitenzi, haswa ukanushi, kwa sababu herufi chache zinabadilisha kila kitu. "Hajapona" ni bado mgonjwa, tunasubiri. "Haponi" ni mtu anakwambia hakuna matumaini, na hili usimwambie mtu ovyo ovyo. "Hakupona" ni amefariki, hivi ndo Waswahili wengi wanavyolipokea: "alilazwa wiki mbili, hakupona", hapo msikilizaji anakwambia pole kwa msiba. Sasa kuna mtu aliandika kwenye grupu la ukoo "baba alitibiwa wiki nzima lakini hakupona, kahamishiwa hospitali ya rufaa", watu wakaanza kulia kabla hawajafika mwisho wa sentensi. Angeandika "hajapata nafuu" yasingetokea hayo. Halafu "amepona" na "anapona" nazo sio sawa, "amepona" limekwisha, "anaendelea kupona" bado yuko njiani, na ukitaka kuwa na uhakika zaidi ongeza "kabisa", amepona kabisa, ila ongeza pale tu ambapo ni kweli.

Je ni "amepona malaria", "amepona na malaria" au "amepona kutokana na malaria"? Ya kwanza inatosha, ni fupi na ndo watu wanavyoongea. Ya tatu sio kosa, ila ni nzito, inafaa ripoti. Ya pili mimi naikwepa, inasikika kama malaria na yenyewe imepona.

La mwisho tunaloulizwa ni "ugua pole". Vijana wengi siku hizi wanaiogopa, wanasema ni kama unamwambia mtu aendelee kuugua, kwa hiyo wanaandika "pona haraka". Sina ugomvi na pona haraka, ni dua nzuri, na "Mungu akuponye" ni nzuri zaidi. Ila ugua pole msiitupe jamani. Ukimwambia mgonjwa ugua pole unamwambia ugonjwa huu uliokwishaingia ukupitie taratibu, usikutese, na haumwekei haraka yoyote, haumlazimishi kujibu kesho kwamba keshapona ili tu akufurahishe. Kwa mtu wa dozi ya miezi 6 hayo ndo maneno yanayomfaa. Na yeye akikujibu "ahsante, nimeshapoa", jibu la pole, hajasema amepona, kasema amepoa, mwulize dawa zimebaki za siku ngapi.